Kujisemea Mwenyewe katika Mahakama ya Madai Madogo

Wasikilizaji wetu, wako watu wengi wanaodai haki yao, nao huiacha ipotee. Si kwamba fedha hizo hawazihitaji. Hujiambia ya kuwa wakili atataka sehemu kubwa yake, na ya kuwa shauri litazunguka hata mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza aanze kwenda shule. Leo twapenda kusema nanyi juu ya mahakama moja ya Kenya iliyowekwa kwa ajili ya watu kama hao.

Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria yataka shauri limalizike katika siku 60 tangu kuandikishwa, na hukumu itolewe siku ile ile ya kwisha kusikilizwa, au isipite siku 3. Mwenye kuamua huitwa mwamuzi. Yeye ni mwanasheria, lakini hafungwi na kila kanuni ya ushahidi ishikwayo katika mahakama nyingine. Kwa hiyo asiye na wakili aweza kueleza jambo lake kwa maneno yake mwenyewe.

Si kila ugomvi uingiao mlango huo. Deni la bidhaa au la kazi iliyofanywa kwa mapatano, fedha zako zilizo mkononi mwa mtu, mali iliyoharibiwa, fidia ya kuumizwa mwili: hayo huingia. Ugomvi wa nani mwenye shamba hauingii, wala kashfa, wala mambo ya mwajiri na mwajiriwa. Seremala aliyepatana kutengeneza madawati kwa bei maalum aweza kudai hapa. Kijana anayemsaidia kwa mshahara wa mwezi, akinyimwa mshahara, sharti aende katika mahakama nyingine yenye mamlaka juu ya mambo ya kazi.

Na tumshike seremala huyo awe mfano wetu. Alipatana na mwenye shule kutengeneza madawati 40, kila moja shilingi 3,000, jumla 120,000. Alitangulizwa 40,000. Madawati yalifika, na 80,000 hazikufika. Alipouliza, aliambiwa madawati ni mabovu.

Kwanza na amwandikie mdaiwa barua, ataje kiasi cha deni na siku ya mwisho ya kulipa, naye abaki na nakala. Asipolipwa, ndipo aandikishe madai. Akusanye ujumbe wa simu walimopatana bei, taarifa ya fedha za kwanza zilizoingia kwa simu, na karatasi iliyotiwa sahihi siku ya kupokea madawati. Kama karatasi hiyo haipo, dereva aliyeyapeleka na aje kuwa shahidi. Twaona watu wakija na mashahidi saba wa kusema mdai ni mtu mwema. Dereva mmoja aliyeona madawati yakishushwa awapita wote saba.

Akisimama kusema, aanze na mapatano, kisha kazi, kisha malipo, kisha baki. Asianze na tabia za mdaiwa, wala za baba yake mdaiwa.

Sasa twafika penye ugumu. Katika madawati yale 40, sita yalikuwa na miguu iliyolegea, na seremala ajua. Jamaa watamshauri anyamaze. Sisi twasema asinyamaze. Mwenye shule aweza kuleta picha, tena aweza kuleta madai yake mwenyewe ndani ya shauri lile lile. Picha ikionekana baada ya seremala kuapa ya kuwa kazi yote ilikuwa njema, hata maneno yake ya kweli juu ya yale 34 yatatiliwa shaka. Bali akisema mwenyewe, "Sita yalikuwa na kasoro, na gharama ya kuyatengeneza ni kadha wa kadha, nimeipunguza katika dai langu," mdaiwa atabaki na neno gani? Pengine watapatana hapo hapo, na mapatano hayo yaweza kuandikwa kuwa amri ya mahakama.

Siku ya kusikilizwa asikose. Mdai asipofika, shauri laweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, hukumu yaweza kutolewa bila yeye. Asiyeridhika aweza kukata rufani Mahakama Kuu, lakini kwa hoja ya sheria tu.

Tena hukumu bado si fedha. Mdaiwa akikaidi, mdai hurudi kuomba amri ya kukamata mali, ambayo hutekelezwa na dalali wa mahakama. Dalali naye hutaka ujira wake, na atauliza mali iko wapi. Kwa hiyo seremala, kabla ya kuandika neno la kwanza la madai yake, na achunguze mdaiwa ana nini kinachoweza kukamatwa, na kiko wapi.