Sindano ya Joto: Mpime Ng'ombe Kwanza

Leo nazungumza nanyi juu ya dawa ambayo wengi wenu mnaiita "sindano ya joto". Jina lake ni prostaglandini. Ni dawa nzuri, lakini ikitumiwa ovyo inaua ndama tumboni.

Nianze na kisa. Mfugaji mmoja wa hapa Ikuti alikuwa na mtamba chotara wa maziwa. Miezi ikapita hajaona joto. Akasema, "Huyu ni tasa, apigwe sindano." Ikapigwa bila mnyama kupimwa. Siku chache baadaye alipopeleka majani zizini asubuhi, akakuta mtamba ametupa mimba ya miezi mitatu, ndama mwenyewe mkubwa kama panya. Kumbe siku ile mtamba alipokata kamba, dume la jirani lilimpanda, na hakuna aliyeona. Ndama akapotea, na maziwa yaliyokuwa yanangojewa nyumbani yakapotea naye.

Kwa nini ilitokea hivyo? Sikilizeni vizuri. Ng'ombe akishapita joto na yai kutoka, mahali lilipotoka panaota kinundu cha manjano. Kinundu hiki hutoa homoni ya kutunza mimba, na kikiwapo ng'ombe haji joto. Kama mimba haikuingia, karibu siku ya 17 kizazi chenyewe hutoa prostaglandini, kinundu kinanyauka, na siku ya 21 hivi joto linarudi. Sindano hufanya kazi hiyo hiyo mapema, na joto huonekana baada ya siku 2 hadi 5. Sasa mnaona: kama kinundu kinalinda mimba, ukikinyausha unaitoa mimba.

Kwa sababu hiyo hiyo, sindano haisaidii kila ng'ombe. Siku 5 za kwanza baada ya joto kinundu bado kichanga, hakiisikii dawa. Ndiyo maana ng'ombe wengi wakitayarishwa pamoja, hupigwa sindano mbili, ya pili baada ya siku 11. Na ng'ombe aliyekonda mara nyingi hana kinundu kabisa. Huyo dawa yake ni majani ya kutosha, pumba, chumvi na maji. Usitupe fedha kwenye sindano wakati hori ni tupu.

Ndugu zangu, neno hili liwafikie hasa akina mama, maana ndio mnaoshika kamba ng'ombe anapotibiwa. Binadamu naye ana prostaglandini mwilini. Tumboni hulinda utando wa ndani usichomwe na asidi. Vidonge vya maumivu kama aspirini huizuia isitengenezwe, na ndiyo maana anayevimeza mara kwa mara anaweza kupata vidonda vya tumbo. Madaktari wanayo dawa ya jamii hii, misoprosto, inayolinda tumbo. Lakini dawa hiyo hiyo hukaza kizazi, na hospitalini hutumiwa kuzuia damu nyingi baada ya kujifungua. Mjamzito hapewi kwa ajili ya tumbo, maana inaweza kutoa mimba.

Dawa ya ng'ombe nayo hupenya kwenye ngozi. Kwa hiyo mama mjamzito, au anayedhani ana mimba, asiishike kabisa. Mwenye pumu vile vile, maana inaweza kumbana kifua. Anayepiga sindano avae glavu. Ikimwagikia mkono, oshe mara moja kwa sabuni na maji mengi. Chupa tupu isiachwe watoto wakaichezea.

Basi mfanye nini? Kwanza, andikeni kwenye daftari kila siku ya joto na kila siku ya kupandisha. Pili, mtaalamu wa mifugo aingize mkono apime. Mimba ya miezi miwili huitambua. Tatu, sindano ikishapigwa, mchungulieni ng'ombe asubuhi na jioni. Akisimama atulie anapopandwa na wenzake, huyo yuko kwenye joto. Ukimwona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho yake asubuhi.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Mimba ni miezi tisa. Usikubali sindano kabla ya kipimo, hata kama anayeishika ni bwana mifugo mwenyewe.