Makombo ya Jikoni na Kuku wa Kienyeji



Leo tunapenda kukumbushana jambo ambalo wengi wetu huliona dogo. Kila siku majumbani mwetu hutupwa ukoko, maganda ya viazi, majani ya mboga na mabaki ya dagaa. Vitu hivyo huoza jalalani, huleta nzi na kuwaudhi majirani. Ilhali Uislamu umekataza israfu, na umehimiza usafi na haki ya jirani. Mwenye kufuga kuku wa kienyeji kwa makombo hayo huyatimiza yote matatu, na juu yake hupata mayai na nyama.

Huenda mtu akauliza: je, kuku mla takataka ni halali? Imesimuliwa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja alijizuia kula kuku kwa sababu alimwona akila uchafu. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) akamwita ale, akamweleza kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila kuku. Tena imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kwa siku tatu kuku aliyekula uchafu, ndipo amle. Basi makombo safi si najisi. Bali kuku azuiwe asichakure penye uchafu wa choo.

Makombo nayo yana taratibu zake. Yatengwe na plastiki na vigae. Chakula chenye ukungu kisitolewe, kwani sumukuvu hudhuru kuku na mlaji pia. Chenye chumvi nyingi kiepukwe. Maganda ya muhogo yakatwekatwe na kuanikwa juani kwanza. Na kwa kuwa makombo peke yake hayatoshi, yaongezwe pumba za mahindi, na mchwa au dagaa kwa ajili ya protini.

Lakini adui mkubwa ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ugonjwa huu ukiingia kijijini huweza kumaliza karibu kuku wote, na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo: hapa Tanzania ile ya I-2 hutolewa kwa tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wazima tu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu. Kwa hiyo anayechanja peke yake hupata hasara, na jirani yake hubaki hatarini.

Tunapendekeza kila jamaa ya msikiti ichague siku moja, ichange fedha, na kuku wa mtaa mzima wachanjwe pamoja, bila kubagua dini ya mwenye kuku. Tena mwenye mitetea mitano ampe mjane mmoja. Mtetea huyo huatamia kwa siku 21 tu, naye aliyekuwa akipokea sadaka huenda kesho akawa mtoaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuithamini riziki Yake na kusaidiana katika mema. Amin.