Mfuko Wetu na Mbao za Mninga
(Maneno ya mwanachama siku ya kutimiza miaka 10)



Nimepewa dakika chache, nitasema jambo moja: ule mkopo wa kununulia miti ya mninga tulioombwa mwezi uliopita. Mimi nasema tusiutoe.

Siyo kwamba sipendi kitanda cha mninga. Nani asiyekipenda? Lakini mninga siyo msindano. Misindano kule Mufindi na Njombe mtu anapanda mwenyewe na kuvuna mwenyewe. Mche wa mninga katika miombo yetu ya Iringa, na ya Chunya kule Mbeya, kila kiangazi hukauka juu, mvua zikija huchipua upya. Unaweza kwenda hivyo miaka kama 10, mizizi ikijijenga chini, ndipo shina lisimame. Umri wote wa kikundi hiki, na mti bado mche! Mpaka upasuliwe mbao ni miaka 75 na kuzidi. Mnunuzi analipa mara moja, anapakia, anaondoka. Hata dunia imeshtuka: mwaka 2022 mataifa yalikutana Panama yakakubaliana magogo na mbao za mninga zisivuke mipaka bila kibali.

Dawa ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuuvuna kwa mpango, na mapato yakabaki kijijini. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Iringa vimeshatenga. Sisi kwenye mkutano mkuu wa kijiji tunakaa nyuma na watoto mgongoni, wenzetu wanaamua. Safari hii tukae mbele.

Mama aliyeomba mkopo ana ada ya kulipa, najua. Apewe, ila wa mizinga. Miombo ina maua mengi ya nyuki, na mizinga ya kisasa hutundikwa chini, hakuna kupanda mti. Anayetaka misindano naye akope, mradi shamba liwe na jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. (Milingoti kwenye vinyungu hapana, jamani, inakunywa maji yote.)

Asali haitoki mwezi huu. Kwa hiyo naomba marejesho ya mkopo wa mizinga yaanze baada ya kurina mara ya kwanza. Mama Mweka Hazina, tafadhali uliingize kwenye ajenda za kikao kijacho.