Simu Imfunze Mzazi, Kisha Iwekwe Chini
Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi wa watoto wa chekechea



Nimetumwa na kaunti, lakini leo nitaanza kama baba. Jioni moja nilimkuta binti yangu wa miaka minne akicheza kalongolongo. Yeye ndiye aliyekuwa baba. Alishika kipande cha sabuni sikioni, na mwanasesere wake "alipolia", akamwambia, "Ngoja kwanza, niko kazini." Nilicheka. Usiku huo usingizi ulikuja kwa shida.

Wengi wetu tunadhani malezi ya mtandaoni ni kumpa mtoto simu atazame katuni. Sivyo. Mwanafunzi ni mzazi. Mfano ni mpango wa Parenting for Lifelong Health, unaoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mpango huo ulitoa bila malipo mawaidha mafupi ya kusomwa hata kwenye simu. Jambo lililotangulizwa lilikuwa rahisi: tenga muda wa kuwa na kila mtoto peke yake, hata dakika 20, ikiwezekana saa ile ile kila siku.

Zinatumikaje dakika hizo? Zima televisheni, weka simu mbali, keti chini alipo mtoto. Mwache achague mchezo, nawe umfuate. Akipanga vizibo, usimhoji kama mtihani: "Hii ni rangi gani?" Sema unachokiona: "Naona umeweka chekundu juu ya buluu." Akijitahidi, msifu kwa alichofanya. Mtoto anayesikilizwa akicheza huzoea kusema, na siku akiumizwa au akiogopa, atajua pa kupeleka neno lake.

Najua mtauliza: bando je? Soma au pakua somo mara moja, kisha funga data. Asiye na simu ya intaneti asome pamoja na jirani. Vifaa vya kuchezea tunavyo: vizibo, matambara, maboksi. Na michezo tunaijua: kati, blada, bano. Anayerudi amechoka aanze na dakika tano wakati wa kuosha vyombo au kumwogesha mtoto. Akina baba, msiwaachie akina mama peke yao.

Kucheza si anasa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kuwa haki ya mtoto, na Umoja wa Mataifa umeitengea Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2024.

Tahadhari moja: mchezo hauchukui nafasi ya daktari. Ukiona mtoto amechelewa kuongea, hakutazami usoni au haitiki akiitwa, mpeleke kliniki na kijitabu chake cha mama na mtoto, au mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Usingoje.

Nyumbani kwangu, simu sasa hulala juu ya kabati saa moja jioni. Juzi binti yangu alikuwa baba tena. Mwanasesere "alipolia", aliiweka ile sabuni chini, akamuuliza, "Unataka tucheze nini?"

Leo jioni, nanyi waulizeni wenu.