Siku Isiyo na Hesabu

Msikilizaji, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, iko wazi: mwajiriwa apate angalau saa 24 za mapumziko kila wiki.

Sasa pita kijiwe chochote cha bodaboda. Dereva wa mkataba anadaiwa hesabu ya bosi kila jioni, mafuta juu yake, pancha juu yake. Wapo wanaoachiwa Jumapili bila hesabu. Unadhani wanalala? Ndiyo siku wanayokesha barabarani, maana kila shilingi ni yao. Siwalaumu, tumbo halijui kalenda. Lakini mtu aliyeendesha siku saba mfululizo, macho mekundu, kapakia mama na mtoto katikati, ni hatari kwake na kwa wote walio njiani.

Wa ofisini nao hawana nafuu kubwa. Jumamosi harusi, Jumapili kikao cha michango ya harusi nyingine, na saa tatu usiku bosi anaulizia ripoti kwenye kundi la WhatsApp. Hiyo tunaiita wikiendi!

Kukaa barazani bila ratiba, ukapiga soga na wanao mpaka chai ikapoa, si uvivu. Mwili unahitaji hivyo, na watoto pia.

Na dada wa kazi anayeipika hiyo chai, yeye anapumzika lini? Naye ni mwajiriwa, sheria haikumbagua. Utakayeamua kumpa siku yake Jumapili hii, jiandae tu: vyombo utaosha mwenyewe.