Gari Lina Spea, Mwili Hauna

(Mazungumzo na vijana pamoja na wazazi wao)

 

Leo tuzungumze juu ya kazi ambayo familia nyingi zina ndoto ya kuifanya: kulifufua lile gari bovu lililolala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Tuchukue mfano wa pikapu ya Peugeot 504. Gari la 504 lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwishoni mwa miaka ya 1970. Magari ya 504 yalishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ndiyo maana wazee wanalisifu hadi leo. Lina kabureta na platini, halina kompyuta. Ukiwa na spana, bisibisi na subira, unalifungua na kuona kila kitu kinavyofanya kazi. Kwa kijana hiyo ni shule tosha.

Kwa familia pia ni jambo jema. Baba na mwana ambao kila siku husalimiana tu na kupishana, wakiinamia injini moja maneno huja yenyewe. Binti naye apewe spana, asiishie kutumwa chai. Nati haiulizi nani kaifungua.

Lakini kuna jambo moja mlishike. Gari likiharibika, spea zipo. Mwili hauna spea.

Nani anatumwa mvunguni?

Tazameni kazi zinavyogawanywa nyumbani. Yule mdogo wa miaka 12, kwa kuwa ni mwembamba, anaambiwa: "Hebu ingia mvunguni utuambie oili inavujia wapi." Na gari liko juu ya jeki peke yake! Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Ikiteleza, gari linashuka mara moja na hakuna mwenye nguvu ya kulidaka. Matofali ya saruji nayo msiyaamini, hupasuka ghafla. Wekeni stendi za chuma au magogo mapana ya mbao ngumu, zuieni magurudumu yaliyo chini, kisha lisukumeni kidogo kuona kama linatikisika. Hapo ndipo mtu aingie, tena awe mtu mzima.

Huyo huyo mdogo ndiye anayepewa mpira anyonye petroli kutoka kwenye tangi. Petroli kidogo tu ikipita njia ya hewa inaunguza mapafu. Halafu watu wanakimbilia kusema, "Mpe maziwa, mtapishe!" Hapana jamani. Akitapika, petroli inapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Msimtapishe. Mpelekeni hospitali haraka.

Na tangi likishakuwa tupu, asije mtu akalichomelea kwa kuwa eti halina mafuta. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulilipua.

Vumbi la gari la zamani

Ukifungua breki za nyuma utakuta vumbi jeusi. Fundi wengi hulipuliza kwa mdomo au kwa pampu. Brekishu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Ugonjwa wake, ikiwemo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Yaani kijana wa miaka 15 anavuta leo, anaugua akiwa mzazi! Lowesheni vumbi kwa maji ya sabuni, kisha lifuteni kwa kitambaa kibichi na mkitupe mbali na watoto.

Rangi za zamani nazo huenda zina madini ya risasi. Ukipiga msasa mkavu, vumbi linatua kwenye vyombo na vidole vya watoto wachanga. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Pigeni msasa wa maji, nje, mbali na jiko. Mama mjamzito na watoto wadogo wasikae karibu. Kitambaa cha kufunga puani peke yake hakitoshi.

Hata ukijikata na bati, usidanganywe kuwa kutu ndiyo inaleta pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na gari lililolala uani limejaa vyote viwili. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, nenda kituo cha afya ukaulize kama chanjo yako bado inafaa. Usipake oili chafu kwenye kidonda.

"Nitamwambiaje baba?"

Vijana, najua mnachowaza. "Nikimkatalia baba si ataona nimekosa adabu?" Kusema hapana kuna namna yake. Mwambie hivi: "Baba, samahani, naomba tuweke magogo kwanza ndipo niingie." Hujakataa kazi. Umekataa kuumia.

Nanyi wazazi, mtoto akisema hivyo msimkaripie wala kumwita mwoga. Mtoto anayeweza kukwambia ukweli chini ya gari, kesho ataweza kukwambia mengine makubwa zaidi. Ukimnyamazisha kwenye jeki, usishangae akinyamaza akipatwa na jambo shuleni au mtaani. Basi kabla ya kufungua nati ya kwanza, kubalianeni neno moja: "Simama!" Yeyote akilitamka, hata kitinda mimba, wote wanaacha vifaa chini, wanamsikiliza.

Breki kabla ya rangi

Mwisho, utaratibu. Kijana anataka rangi na redio kwanza. Subiri. Anzeni na breki, usukani, matairi na taa, ndipo injini, na rangi iwe ya mwisho. Tairi lina namba nne za tarehe ubavuni: 1422 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2022. Tairi lililopasuka-pasuka kwa uzee halifai hata kama kashata zake ni nzima. Na siku gari litakapowaka, fungeni mikanda, na watoto msiwapakie nyuma kwenye bodi kama magunia.

Kumbukeni:

- Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua.
- Tindikali ya betri ikikurukia, osha kwa maji mengi kwa dakika 20 au zaidi. Ikiingia machoni, osha kisha nenda hospitali.
- Usifungue radieta ya moto.
- Usinawe mikono kwa petroli. Jipake mafuta ya kupikia, kisha nawa kwa sabuni.

Nimesema ya kutosha. Sasa ni zamu yenu, karibuni maswali. Tuanze na wadogo.