Jiko Jipya la Nyumbani

Jiko lako la kuni limekwisha, unakwenda soko la Mwanakwerekwe kutafuta jingine. Usianze na bei. Chukua sufuria unayopikia wali kila siku, uijaribishe juu ya jiko palepale. Ikiwa mdomo wa jiko ni mpana mno, moto utapita pembeni, utapasha upepo.

Tazama tumbo la udongo ndani ya bati. Udongo ndio unaoshika joto. Ligonge kwa kifundo cha kidole: lililochomwa vizuri hulia, lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Muuzaji akikwambia ufa utajiziba ukishapikia, mpishe huyo. Mlango wa kuni uwe mdogo, wa vijiti viwili vitatu, na hewa ipate njia chini yake. Kuni ziwe kavu. Mbichi zitakutoa machozi kwenye jiko lolote, hata la bei mbaya.

Wa makaa nao wasikie: jiko lisiingizwe chumbani madirisha yamefungwa, hata likiwa halitoi moshi. Kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye makaa, haina harufu, nayo inaua waliolala.